Mto Usio na Mamba

Pale Bertrams, mtu akishuka kuelekea bondeni na kuuliza nyumba ya Mama Média, hata mtoto wa miaka minne alimwonyesha. Mlangoni hapakuwa na bango. Palikuwa na safu ya viatu vidogo tu, pea kumi na moja, vimegeuzwa visigino ukutani kama vinasubiri basi. Hivyo viatu ndivyo vilikuwa bango lake.

Jina lake kamili lilikuwa Médiatrice. Alizaliwa Rumonge, Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na Johannesburg aliingia mwaka 2001 na mfuko mmoja wa nguo. Akasuka nywele za watu mpaka vidole vikagoma. Akauza nyanya na vitunguu kwenye kona za Marshalltown, na huko ndiko alikoiona kazi yake. Maana wanawake aliouza nao, Wakongo kwa Warundi, walikuwa na shida moja: kabla jua halijatoka lazima wawe njiani, na watoto hawana pa kuachwa. Akaanza kuachiwa mmoja. Wakawa watatu. Kufikia mwaka 2010 walikuwa kumi na mmoja, na nyumba yake ya kupanga yenye ua unaoteremka ikawa inaitwa krechi, kama wanavyosema huku, ingawa yeye mwenyewe alisema tu "nyumbani kwa watoto."

Alijivunia watoto hao, na alijivunia bila kujificha. Mtoto akitoka kwake anajua kunawa mikono kabla hajaambiwa. Anajua jina la mama yake lote, si "Mama" tu. Yeye aliwasemesha Kiswahili, wao wakamjibu kwa Kiingereza na Kizulu vilivyochanganywa, na kila mtu akaelewa. Alikuwa na neno lake moja alilopenda kuwaambia wazazi: "Nipe mtoto, nikurudishie mtu."

Sasa, nyuma ya nyumba ile, ukivuka uwanja wa wazi wenye nyasi za kuchomachoma, ndipo unapopita mto Jukskei. Usifikiri mto wa kuandikwa kwenye kadi. Ukiuona mara ya kwanza unaweza kucheka. Ni mfereji wa zege, maji yake kwa kawaida hayalowanishi soksi, na huko juu zaidi huuoni kabisa kwa sababu umezikwa chini ya mji, unapita ndani ya mabomba gizani, chini ya maduka na roboti, ndizo taa za barabarani za huku, na magari. Unajitokeza Bertrams kama mtu aliyechelewa mkutano, kimyakimya. Kulikuwa na uzio wa waya, na uzio ulikuwa na matundu, na watoto wanajua matundu yote ya dunia hii.

Mama Média aliuogopa mto ule kwa ajili ya watoto, akafanya alichofanyiwa yeye. Kwao Rumonge, mama hasemi "mwanangu, maji yana hatari." Mama anasema: "Kuna mamba." Na mtoto anaelewa, kwa sababu kule mamba wapo kweli, na jina la aliyechukuliwa juzi linajulikana. Basi naye akawakalisha watoto wa Bertrams kwenye mkeka, akapanua macho, akashusha sauti.

"Mle mtoni kuna mamba. Mkubwa. Anapenda watoto wasiosikia."

Ah, walitetemeka! Wiki nzima hakuna aliyesogea hata kwenye uzio. Mama Média akalala usingizi mzuri.

Lakini katika wale kumi na mmoja kulikuwa na Benita, binti wa Emery. Miaka mitano na nusu, meno mawili ya mbele hayapo, na woga vilevile haupo. Mchana mmoja wa Februari, Mama Média aliinua macho kutoka kwenye sufuria ya maharage, akahesabu vichwa, akapata kumi. Akahesabu tena. Akatoka bila viatu.

Alimkuta Benita ndani ya mfereji, chini kabisa, amechuchumaa katikati ya maji. Mkononi ana nusu ya gwinya, lile andazi nene la huku wanalokula watu asubuhi.

"Benita! Unafanya nini huko?"

"Shh, Mama Média. Namwita mamba."

"Unamwita?"

"Hajala. Nimemwachia nusu." Akalinyoosha gwinya kuelekea kwenye mdomo mweusi wa bomba, kule mto unakotokea. "Come, mamba, come."

Mama Média alipita kwenye tundu la uzio, waya ukamchana mkono, akateremka kwa makalio juu ya zege, akamshika mtoto kwapani na kupanda naye. Benita akalia njia nzima, si kwa kuogopa, bali kwa sababu gwinya lilianguka kabla mgeni hajafika.

Hayo yangeweza kuishia hapo. Juu ya Bertrams mbingu zilikuwa buluu, nguo kwenye kamba zinakauka. Lakini Benita hajamaliza hata kunawishwa miguu, wakasikia mngurumo. Mama Média akakimbilia uzioni. Mfereji uliokuwa na maji ya kulowanisha soksi ulikuwa umejaa hadi ukingoni, maji ya kahawia, yanabeba ndoo, tairi, mlango mzima wa kabati. Tone moja la mvua halikuwa limeanguka pale mtaani.

Palepale akaketi kwenye nyasi za kuchomachoma.

Usiku ule alijiambia ukweli, na ukweli haukuwa mtamu. Mto haukumkosea. Yeye ndiye aliyemwambia mtoto kwamba hatari ina sura ya mnyama, na mtoto mwenye roho nzuri akaenda kumlisha mnyama. Na wale wengine kumi? Siku watakapogundua hakuna mamba, watasema hakuna hatari. Tena kulikuwa na jambo la pili lililomuuma zaidi: yeye, mtoto wa ziwa, aliyejisifu kwamba anajua maji, mto huu hakuujua hata kidogo. Ziwa linakuonyesha uso wake. Likikasirika unaona mawimbi, unakaa nyumbani. Huu ulikasirika mahali pengine, ukaja kukupiga wewe.

Na kulikuwa na la tatu. Hawezi kuwa nao siku zote. Saa kumi na moja jioni wanachukuliwa. Jumamosi na Jumapili wako mtaani. Mwakani Benita anaingia shule kubwa. Anachotaka si watoto wanaomtii Mama Média akiwapo. Anataka watoto watakaobaki juu siku ambayo yeye hayupo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Asubuhi akaenda kwa Mussa. Mussa alikuwa Mtanzania wa makamo, anaosha magari karibu na daraja, na ndoo zake zilikuwa zimepangwa pale miaka minane.

"Kaka Mussa, nifundishe mto."

Mussa akacheka hadi akaweka kitambaa chini. "Mama Média, si wewe ndiye uliyetuambia hapa kwamba Ziwa Tanganyika unalijua kama kiganja?"

"Nicheke, halafu nifundishe."

Basi akamfundisha. Akamwambia mto huu unakunywa mvua ya Hillbrow na Doornfontein, mitaa ya huko juu, kila bati na kila lami ya kule inamwaga humu. "Usitazame mbingu za kwako. Tazama kule kwenye mnara wa Hillbrow. Kukiwa kweusi kule, hapa ni suala la dakika." Akamwambia ishara: kwanza maji yanabadilika rangi, kisha inakuja harufu ya taka, kisha povu na chupa za plastiki zinazokimbizana. "Ukiona chupa zinakimbia, na wewe kimbia. Juu. Usifuate mto, panda juu." Kisha akamwonyesha mti ulioota kando ya mfereji. Mifuko ya plastiki ilining'inia kwenye matawi, juu zaidi ya kichwa cha mtu mrefu.

Wiki iliyofuata aliwapeleka watoto darajani, wameshikana mikono wawiliwawili, wakasimama nyuma ya ukuta wa daraja.

"Nani ametundika mifuko ile kwenye mti?"

"Ndege!"

"Mtu mrefu!"

"Mwizi!" akasema mmoja, na wote wakamkubalia mwizi.

"Hapana," akasema Mama Média. "Ni maji. Maji yalifika pale."

Wakatazama mti, wakatazama maji ya chini yanayotambaa, wakatazama mti tena. Benita akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akaweka kiganja juu ya utosi wake, akapima.

"Haibo," akashangaa polepole. "Mimi sifiki hata nusu."

"Hata mimi sifiki," akasema Mama Média.

"Na mamba?"

Hapo ndipo alipopaswa kuwa jasiri, na ujasiri wa kukiri mbele ya mtoto wa miaka mitano si mdogo. "Hakuna mamba, Benita. Niliwadanganya kwa sababu niliogopa. Msinisamehe haraka, lakini nisikilizeni."

Kisha akaanza kazi ya kweli. Alipata bomba kuukuu la plastiki, Mussa akalipasua kwa urefu, wakalilaza uani kwenye ule mteremko, kichwa chake kikipenya nyuma ya ukuta wa choo ambako watoto hawaoni. Huo ukawa mto wao. Kila mtoto alichora uso kwenye kifuniko cha chupa, kikawa mtu wake, akampa jina, akamketisha chini kabisa ya mfereji ambako kuna vijimaji kidogo na jua linawaka.

"Kuna mvua hapa kwetu?"

"Hakuna!"

"Jua?"

"Lipo!"

"Basi waacheni watu wenu wacheze."

Nyuma ya ukuta Mussa akamwaga ndoo. Vifuniko vyote kumi na moja vikafagiliwa mara moja, na vilio vilivyofuata vilisikika hadi kwenye spaza, kile kiduka cha kona. Wakarudia kesho. Wakarudia keshokutwa. Siku ya nne watoto walianza kumtuma mmoja akachungulie nyuma ya ukuta kabla ya kumweka mtu mtoni. Mama Média alipoona hivyo alijigeuza, akajifanya anaanua nguo, ili wasione anavyotabasamu.

Kazi iliyokuwa ngumu kabisa ilikuwa nyingine: kuacha. Mtoto anaweza kujua kila ishara ya Mussa, kuanzia weusi wa Hillbrow hadi chupa zinazokimbia, lakini kitu chake kikianguka majini, mkono unatangulia akili. Basi Mama Média akatunga sheria, kikiingia mtoni kimekwenda, akawafanyisha mazoezi kwa vifuniko vyao wenyewe vyenye nyuso. Mkono ukinyooka kukidaka, wote wanaanza upya. Benita alishindwa mara sita. Mara ya saba aliikalia mikono yake yote miwili, machozi yanamtoka, akamtazama mtu wake akienda.

Wazazi hawakuelewa sana. Emery, baba yake Benita, ndiye aliyesema kwa sauti. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mlinzi kwenye jengo la ofisi huko Midrand, mtu mrefu, msafi, sare yake imenyooshwa hata siku ya mapumziko. Jioni moja alimkuta binti yake amelowa hadi kiunoni.

"Ah non, Mama Média. Nimemleta huyu ajue a, e, i, o, u. Wewe unamfundisha kumwaga maji?"

"Herufi anazijua, Papa Benita. Muulize."

"Na mto gani huo unaowatisha nao? Ule mfereji? Mimi ni mtoto wa Uvira. Nimeogelea Tanganyika kabla sijaota ndevu. Pale hata bata hazami!"

"Na mimi ni mtoto wa Rumonge," akajibu, "na siku maji yalipojaa pale, nilikaa chini kwenye nyasi."

"Eish," akasema Emery, akacheka, akambeba mtoto begani. "Wanawake wa Rumonge."

Neno lile lilimkaa Mama Média, kwa sababu alijua mtoto humsikiliza nani zaidi: mlezi wa mchana, au baba mrefu anayembeba begani.

Ikaja Novemba. Jumamosi, saa tisa hivi za mchana, Mama Média anarudi kutoka mazoezi ya kwaya, amesimama ng'ambo ya barabara anasubiri roboti iwe ya kijani. Kutoka pale uwanja wote unaonekana. Emery alikuwa na mapumziko, ameleta mpira mpya, wa njano, na karibu watoto wote wa krechi walikuwa uwanjani wanaufukuza. Mbingu za Bertrams safi. Mama Média, kama ilivyokuwa desturi yake sasa, akatazama upande wa mnara wa Hillbrow.

Kulikuwa kweusi kama masizi ya sufuria.

Na wakati uleule Emery, kwa kujionyesha kidogo, akapiga mpira kwa nguvu. Ukapaa, ukavuka uzio, ukaangukia mferejini. Mama Média aliuona ukidunda juu ya zege na kutulia katika maji yale ya kulowanisha soksi. Akafumbua mdomo kupiga kelele, lori likapita mbele yake, kisha basi, kisha lori lingine. Hapakuwa na mwanya wa kuvuka wala sauti ya kufika.

Magari yalipoachana aliona hivi: watoto wamesimama. Wote. Hakuna hata mmoja aliyekaribia tundu. Wameshikana mikono kwenye mstari uliopinda, wanatazama mpira, na Benita amesimama kichwani mwa mstari, ametazama Hillbrow.

Aliyekuwa anakwenda alikuwa Emery. Amekunja suruali hadi magotini, mguu mmoja tayari umeingia kwenye tundu la uzio.

Roboti ikawa kijani. Mama Média akakimbia na viatu vyake vya kwaya mkononi, na alivyokaribia ndivyo sauti zilivyoanza kufika.

"Papa, usishuke!"

"Nitarudi sasa hivi. Dakika moja."

"Mpira umekwenda!"

"Umekwenda wapi? Si ule pale, umetulia tu!"

"Kule kuna mvua, Papa. Tazama Hillbrow!"

"Hillbrow ni Hillbrow, sisi tuko Bertrams. Niachie."

Benita hakumwachia. Alikuwa ameshika mkanda wa suruali ya baba yake kwa mikono miwili, amejiegemeza nyuma, visigino vimechimba udongo. Kisha, bila mtu kuwaambia, wale wengine wakamjia. Mmoja akakumbatia mguu uliobaki huku. Wawili wakashika shati. Wengine wakamshika Benita kiunoni na kuvuta, na mwanamume yule mrefu akajikuta amenasa kwenye uzio kama shati kwenye kamba, nusu huku, nusu kule.

"Mna wazimu? Mtanichania nguo! Benita, niachie au nitakuchapa!"

"Nichape!" akapiga kelele Benita, sauti imekatika kwa kilio. "Nichape, Papa, lakini nichapie huku juu!"

Emery akageuka kumtazama, na labda ni uso ule uliomsimamisha, maana alisita. Alisita muda wa mtu kuvuta pumzi mbili tatu. Mama Média alikuwa hatua ishirini kutoka pale alipoiona rangi ya maji ikigeuka. Harufu ikaja. Chupa ya kwanza ikatoka kwenye bomba, ya pili, kisha kundi zima linakimbizana.

"Chupa!" wakalia watoto kwa pamoja.

Emery akatoa mguu. Hakuutoa kwa heshima. Aliuvuta, suruali ikachanika, akaanguka chali juu ya watoto, na wote wakajiburuta kwenda juu kwenye nyasi. Ndipo ukuta wa kahawia ulipotoka na mngurumo wake, ukajaza mfereji kutoka ukingo hadi ukingo. Mpira wa njano ulirushwa juu mara moja. Haukuonekana tena.

Maji yalipita na gogo, pipa, kiti cha gari. Emery alikuwa ameketi, anatazama mahali ambapo angekuwa amesimama. Mtoto wa Uvira. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mama Média," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Mimi naogelea."

"Najua, Papa Benita."

"Lakini pale hapaogeleki."

"Hapaogeleki."

Akapangusa uso kwa kiganja. "Uliwafundisha wewe? Kumkamata mtu mzima namna hii? Kumng'ang'ania kama mwizi?"

Mama Média alifikiri. Alipitia masomo yote kichwani, mti, bomba, vifuniko, ndoo za Mussa. Aliwafundisha kutoingia. Aliwafundisha kutazama na kuacha. Hakuna siku aliyowaambia wamkamate baba wa mtu, wala hangethubutu.

"Hapana," akasema. "Hilo mimi sikuwafundisha. Hilo wamelitoa wao wenyewe."

Emery akamvuta Benita, akamkalisha mapajani. Hakumchapa. Alimshika tu, na suruali yake iliyochanika ikipepea.

Hapo ndipo watoto walipokumbuka hasara yao. Mmoja alianza, wa pili akadakia, na punde wote walikuwa wanalia kwa sauti moja pale uwanjani: mpira mpya, mpira wa njano, haujachezewa hata nusu saa! Walilia hadi Mussa akaacha gari la watu na sabuni yake akaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Hakuna," akasema Mama Média. "Hakuna aliyekufa, kaka." Na katikati ya kilio chote kile, mikono kiunoni, kichwa juu, alicheka mpaka machozi yakamtoka yeye pia.